Unga wa Mahindi na Virutubishi Vinavyopotea Mashineni

Katika sehemu nyingi za Tanzania mtu asemapo kwamba hajala, huwa ana maana kuwa hajala ugali. Pengine amekwisha kunywa chai kwa maandazi, ametafuna muhogo wa kuchoma, hata ameonja ndizi mbili tatu; hayo yote ni ya kupozea njaa tu. Na ugali wenyewe, ijapokuwa wapo wanaousonga kwa mtama, uwele, ulezi au muhogo, kwa wengi wetu siku hizi ni wa mahindi. Kwa hiyo swali la nini kimo ndani ya unga wa mahindi haliwahusu wataalamu wa maabara peke yao. Chochote kinachopungua katika unga huo hupungua katika miili ya mamilioni ya watu. Na chochote kinachoongezwa humo huwafikia watu hao bila ya kuwalazimu kubadili mapishi yao. Jambo hili la pili ndilo lililozifanya nchi nyingi duniani kuamua kutia vitamini na madini katika unga wakati wa kuusaga, kazi ambayo tutaiita kurutubisha unga.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo ilianzia wapi, imefaulu wapi na imekwama wapi, na kwa nini katika nchi kama yetu ugumu wake unakutwa zaidi katika mashine ya kusaga ya mtaani kuliko katika kemia.

Punje na sehemu zake

Punje ya mahindi ina sehemu tatu kubwa. Kwa nje kuna ganda. Kwa chini, upande ule punje ilikoshikamana na gunzi, kuna kiini, ambacho ndicho kingeota kama punje ingepandwa. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni wanga. Kiini kina karibu mafuta yote ya punje pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B1. Na niasini, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi la B, hupatikana zaidi katika tabaka jembamba lililo chini ya ganda. Wanga huupa mwili nguvu za kazi, lakini kwa vitamini ni maskini.

Mahindi yanaposagwa yakiwa mazima, sehemu zote tatu huingia katika unga, nao ndio tuuitao dona. Yanapokobolewa kwanza, ganda na kiini huondoka kama pumba, wakapewa kuku na nguruwe, nasi tukabaki na sembe nyeupe. Yafaa tukiri kwamba sembe haikupendwa kwa upumbavu. Mafuta yaliyo katika kiini huharibika upesi, na dona iliyokaa siku nyingi hunuka na kuwa chungu. Sembe hukaa dukani muda mrefu na husafirishwa mbali bila hasara. Lakini lipo pia jambo la heshima. Wengi waliosoma shule za bweni huiona dona kuwa ni chakula cha shida, na mwenye nyumba akipata mgeni husonga ugali mweupe. Wahenga wetu nao walitwanga na kupepeta, ila kinu na mtwangio havikuwa na ukali wa mashine ya kukoboa. Kwa ufupi, nguruwe wa mjini hupata vitamini ambazo mtoto wa mwenye nguruwe huzikosa.

Ugonjwa uliofuatana na mahindi

Mahindi asili yake ni Mexico, ambako watu waliyafuga kutoka katika nyasi za porini yapata miaka 9,000 iliyopita. Wenyeji wa huko hawakuyala ovyo ovyo. Waliyachemsha na kuyaloweka katika maji ya chokaa, ndipo wakayaosha na kuyasaga kwa jiwe. Sababu za kikemia hawakuzijua, lakini leo twazijua: niasini ya mahindi imefungamana na vitu vingine kiasi kwamba tumbo la binadamu haliwezi kuipata, na chokaa huifungua. Wazungu waliposafirisha mahindi kwenda Ulaya, na Wareno walipoyaleta katika pwani za Afrika kuanzia karne ya 16, walichukua mbegu wakaiacha chokaa.

Matokeo yalionekana kwanza Hispania. Mwaka 1735 mganga Gaspar Casal aliwaona wakulima maskini wa Asturias wakipatwa na madoa mekundu katika mikono, miguu na shingoni, ngozi ikichubuka kama iliyoungua. Katika Italia, ambako maskini waliishi kwa uji mzito wa mahindi, ugonjwa huo uliitwa pelagra, yaani ngozi ya kukwaruza, na jina hilo lilichapishwa na Francesco Frapolli mwaka 1771. Baada ya ngozi hufuata kuhara, kisha akili kuvurugika, na mwisho wake ni kifo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ilizuka kwa nguvu katika majimbo ya kusini ya Marekani. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1906 na 1940 watu wapatao milioni tatu waliugua na laki moja wakafa. Madaktari wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Dakta Joseph Goldberger kuuchunguza. Naye akaona jambo ambalo wenzake walilipita: katika vituo vya yatima na hospitali za wendawazimu wagonjwa waliugua, lakini wauguzi waliokaa nao mchana na usiku hawakuugua. Ugonjwa gani huo wa kuambukiza unaochagua cheo? Tofauti ilikuwa katika sahani. Wagonjwa na wakulima wa pamba walikula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa. Wauguzi walipata nyama, maziwa na mayai.

Mwaka 1915 Goldberger aliwalisha wafungwa 11 wa shamba moja la magereza jimboni Mississippi chakula cha aina ile ya wakulima, nao waliahidiwa msamaha na gavana. Baada ya miezi michache sita kati yao walikuwa na dalili za pelagra. Hata hivyo wapinzani hawakunyamaza, naye akafikia hatua ya kumeza, yeye na wenzake, uchafu uliotoka katika miili ya wagonjwa, hawakuugua. Alifariki mwaka 1929 bila ya kukijua kile kilichokosekana. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha kwamba niasini huwaponya mbwa wenye ugonjwa unaofanana na pelagra, na muda si mrefu binadamu nao wakaponywa kwa dawa hiyohiyo.

Ugonjwa huu haukubaki katika vitabu vya historia. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, zaidi ya watu 17,000 walipatwa na pelagra katika miezi michache. Mgao wao ulikuwa mahindi, kunde na karanga. Karanga zilipokatika, ikakatika pamoja nazo njia yao kuu ya kupata niasini.

Somo la South Carolina

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto Wamarekani walianza kurutubisha unga wa ngano. Lakini katika majimbo ya kusini ngano haikuwa chakula cha maskini, na mwaka 1943 jimbo la South Carolina lilipitisha sheria ya kurutubisha unga wa mahindi uliotolewa kiini. Hapo ndipo tunapopaswa kusimama kidogo, kwa sababu watu wa South Carolina walikutana na matatizo mawili ambayo yanatuhusu sisi.

La kwanza lilikuwa la mashine ndogo. Viwanda vikubwa vilikuwa vichache na vilitii sheria, lakini vijijini kulikuwa na mashine nyingi za watu binafsi ambako mkulima alipeleka gunia lake mwenyewe, likasagwa, akarudi nalo nyumbani. Wataalamu wa Chuo cha Kilimo cha Clemson walilazimika kubuni kifaa rahisi cha kupachikwa katika mashine hizo, kinachodondosha virutubishi kidogo kidogo kadiri mahindi yanavyopita. La pili lilikuwa la jikoni. Akina mama wa huko walikuwa na desturi ya kuosha chenga za mahindi kwa maji baridi kabla ya kuzipika, na maji hayo yaliondoka na vitamini zote zilizotiwa. Ikabidi itafutwe namna ya kuzifunika chembe za virutubishi zisiyeyuke katika maji ya kuoshea. Mtaalamu asiyeingia jikoni asingelijua jambo hilo.

Vinavyotiwa na namna vinavyofanya kazi

Hapo mwanzo shabaha ilikuwa pelagra. Leo unga wa mahindi hutiwa, kwa kutegemea nchi, niasini na vitamini nyingine za kundi la B, asidi foliki, vitamini A, madini ya chuma na zinki. Vitu hivi huchanganywa kwanza vikawa poda moja, na kipimo chake ni kidogo mno: nusu kilo au pungufu kwa tani nzima ya unga. Maana yake ni kwamba kila kilo ya unga hupata nusu gramu tu, nayo haina budi kuenea sawasawa.

Vitu hivi havina tabia moja. Vitamini A huharibiwa na mwanga, joto na kukaa muda mrefu, kwa hiyo mfuko ulioanikwa juani mbele ya duka hupoteza kile ulichoandikiwa. Madini ya chuma hayaharibiki, lakini yana matata yake. Mahindi, hasa yale yasiyokobolewa, yana kitu kiitwacho fitati ambacho hushikamana na chuma kikakizuia kuingia mwilini. Na chai nzito inayonywewa juu ya chakula hufanya vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kwamba unga wa dona utiwe chuma kilichofungwa katika kemikali iitwayo EDTA, ambayo hukilinda dhidi ya fitati. Chuma hicho ni ghali zaidi, na mwenye kiwanda hushawishika kununua kile cha bei nafuu ambacho ni ungaunga wa chuma halisi, usioyeyuka vizuri tumboni. Katika karatasi zote mbili ni chuma. Katika damu ni vitu viwili.

Ushahidi wa jambo hili tunao kutoka Afrika ya Kusini. Tangu Oktoba 2003 sheria ya huko imelazimisha kurutubisha unga wa mahindi na wa ngano. Asidi foliki ilifanya kazi iliyokusudiwa. Watoto wanaozaliwa na mgongo wazi na kasoro nyingine za namna hiyo walipungua kutoka 1.41 hadi 0.98 kwa kila watoto 1,000, yaani karibu theluthi moja. Msomaji akumbuke kwamba mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kabla ya mwezi mmoja kupita tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kidonge kinachotolewa kliniki katika mwezi wa nne hakiwezi tena kuziba pengo hilo. Kilichomo katika ugali wa kila siku chaweza. Lakini chuma kilichochaguliwa kwa unga huohuo kilikuwa cha ile aina ya bei nafuu, na wataalamu wa nchi hiyo wenyewe walikuja kukilaumu kwa kutosaidia kitu cha kutajika.

Kinyume chake ni Venezuela. Huko unga wa mahindi uliopikwa kabla, unaotumika kutengenezea mikate ya arepa, hutoka katika viwanda vichache. Mwaka 1993 walianza kuutia, pamoja na vitamini, chuma cha aina inayoyeyuka kwa urahisi zaidi. Watoto waliopimwa Caracas mwaka 1992 walikuwa na upungufu wa damu kwa asilimia 19. Wale waliopimwa mwaka 1994, asilimia 10. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa muda mfupi. Hata hivyo tusichukue mfano mmoja tukaufanya kuwa kanuni: mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakupata ushahidi madhubuti wa kutosha kusema kwamba chuma katika unga wa mahindi hupunguza upungufu wa damu kila mahali. Mwandishi wa makala haya haoni ajabu. Damu hupungua pia kwa malaria na kwa safura, na hakuna unga unaotibu minyoo.

Marekani yenyewe iliyotangulia katika jambo hili ilisahau watu wake. Asidi foliki ililazimishwa katika unga wa ngano tangu mwaka 1998, lakini unga wa mahindi uliopikwa kwa chokaa, ambao ndio chakula cha raia wenye asili ya Mexico, haukuruhusiwa kutiwa asidi hiyo hadi Aprili 2016. Kwa miaka hiyo yote akina mama hao walizaa watoto wenye mgongo wazi kwa wingi kuliko wengine.

Tahadhari kutoka Pemba

Wako wanaouliza kama si hatari kulisha taifa zima dawa. Swali hilo lina uzito, na jibu la sehemu yake lilipatikana katika ardhi yetu wenyewe. Katika utafiti mkubwa uliofanywa kisiwani Pemba, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, watoto wadogo walipewa chuma na asidi foliki kila siku, wakilinganishwa na wenzao wasiopewa. Waliopewa walipatikana kuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kulazwa hospitali au kufa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Pemba wakati ule malaria ilikuwa kali sana. Ilionekana kwamba chuma kinachoingia kwa mkupuo katika mwili wa mtoto asiye na upungufu huweza kuwafaidi vijidudu kuliko kumfaidi mtoto.

Chuma cha ugali si sawa na chuma cha dawa: ni kidogo, huingia pole pole pamoja na chakula, na mtoto mdogo hula unga kidogo. Lakini Pemba ilitufundisha kwamba kipimo si jambo la kukisia. Poda ikisahaulika, watu hawapati kitu; ikimwagwa mara mbili, wanapata kupita kiasi. Kwa hiyo kila mazungumzo juu ya kurutubisha unga hurudi palepale, kwenye mikono ya yule anayesimama mashineni.

Mashine ya mtaani

Tanzania ilitunga kanuni za kurutubisha vyakula mwaka 2011, na mpango wa taifa ukazinduliwa mwaka 2013. Unga wa ngano na mafuta ya kula vilikuwa rahisi kwa kiasi fulani, kwa maana vinatoka katika viwanda vikubwa vinavyohesabika. Kabla ya hapo tulikwisha kuiona njia hiyo katika chumvi yenye madini joto. Mahindi ni habari nyingine. Sehemu iliyo kubwa mno ya unga wa mahindi nchini husagwa katika mashine ndogo zilizotapakaa mijini na vijijini, nyingine zikiendeshwa kwa dizeli chini ya paa la bati, na mwenye mashine ana kijana mmoja anayepokea madebe na kukusanya fedha.

Mwenye mashine huyo ana hesabu zake. Poda ya virutubishi huagizwa kutoka nje ya nchi na anatakiwa kuilipia. Mnunuzi haioni poda hiyo wala haonji tofauti yake, na jirani asiyeitia atauza kwa bei ndogo zaidi. Sheria pekee haiondoi ugumu huo, hasa ikiwa mkaguzi hupita mara moja kwa mwaka. Shirika la Sanku, linalofanya kazi zake nchini, limejaribu njia mbili kwa pamoja. Limetengeneza kifaa kinachopachikwa juu ya mashine, ambacho hupima uzito wa nafaka inayopita na kudondosha poda kwa kadiri yake, kisha hupeleka habari kwa mtandao wa simu ili ijulikane kama kinafanya kazi au kimezimwa. Pili, huwauzia wenye mashine mifuko mitupu ya kufungia unga kwa bei ileile ya sokoni. Kwa kuwa shirika huinunua kwa wingi na kwa bei nafuu, tofauti iliyobaki ndiyo inayolipia poda. Kifaa hicho ni cha kisasa, ila wazo lake wangelitambua mara moja watu wa Clemson wa miaka ya 1940.

Linabaki lile debe la nyumbani. Mwaka 2022 uchunguzi wa afya wa taifa uliikuta mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo inalisha nchi kwa mahindi, ikiwa na watoto waliodumaa kupita mikoa mingine. Iringa walikuwa zaidi ya nusu. Kudumaa kuna sababu nyingi kuliko vitamini chache, lakini sura ya jambo ni hiyo: familia yenye ghala lililojaa mahindi haihitaji kununua mfuko wenye nembo ya virutubishi dukani. Inajitwisha debe lake, inakoboa, inasaga, inalipa, inarudi nyumbani. Kwa familia hiyo kifaa kilicho katika mashine ya kijiji kina maana kuliko viwanda vyote vya Dar es Salaam, alimradi mwenye mashine akubali kukiwasha kwa debe moja la mteja kama anavyokiwasha kwa gunia lake la biashara. Mpaka hapo patakapopatikana njia, dona mbichi iliyosagwa kwa matumizi ya wiki moja, pamoja na karanga, maharage na mboga za majani, ni njia iliyo wazi tangu leo.

Kwa anayetaka kuhakiki, ipo njia ya haraka ambayo wakaguzi huitumia. Unga hutandazwa bapa juu ya kigae, ukadondoshewa dawa ya maabara iitwayo thayosayaneti ya potasiamu iliyochanganywa na asidi, kisha matone ya haidrojeni peroksaidi. Baada ya dakika chache unga uliotiwa chuma hutokeza vitone vyekundu, na usiotiwa hubaki mweupe. Vitone vikitapakaa sawasawa, kifaa kilichanganya vizuri. Vikirundikana upande mmoja, yule kijana wa mashineni ataulizwa.